Sindano iliyotungwa uzi tangu jana

Fundi anayenishonea suruali, hapa Magomeni, Dar es Salaam, ana daftari la vipimo lenye umri mkubwa kuliko ajira yangu ya sasa. Jalada limeshikizwa kwa selotepu, kurasa zimelainika kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na kila mteja wa siku nyingi ana ukurasa wake. Mwaka juzi, masika yakikaribia, nilimpelekea suruali ya kijivu aipanue kiunoni. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa nyuma tangu kwenye mkanda hadi chini, kisha akaikunja na kunirudishia.

"Hii siwezi kuiongeza tena, mwanangu. Kitambaa cha ndani kimekwisha."

Hakusema zaidi. Alifungua daftari apate mahali pa kuandika kipimo kipya, nami nikasoma nikiwa upande wa pili wa meza: inchi 33 mwaka 2010, inchi 35 mwaka 2014, inchi 37 mwaka 2018, na sasa utepe wake ulikuwa umesimama kwenye 40. Tarakimu nne, kila moja kwa wino wake. Miaka yote hiyo nilijihesabu mtu wa kawaida, anayekula kawaida na kufanya kazi sana. Daftari lilikuwa limeona jambo ambalo kioo cha nyumbani hakikunionyesha, maana kioo hakiweki kumbukumbu.

Wiki ileile nilipita zahanati kwa ajili ya kikohozi, na kabla sijaeleza shida yangu muuguzi alishanifunga mkanda wa kupimia presha. Mashine ikasoma 158 kwa 98. Kipimo kikifika 140 kwa 90, na siku nyingine kikarudia hivyo hivyo, madaktari huhesabu kwamba presha imepanda. Changu kilirudia. Nilianzishiwa vidonge, ambavyo nameza hadi leo, na nikaambiwa maneno ambayo wengi wa rika langu wameshaambiwa: punguza chumvi, punguza sukari, fanya mazoezi, lala vya kutosha, usiwe na mawazo mengi.

Maneno hayo ni ya kweli yote. Tatizo lake ni kwamba hayakuniambia lini, wapi, na baada ya nini.

Miezi mitano ya kwanza nilihangaika na moto wa mabua. Nilinunua viatu vya mazoezi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri siku tisa mfululizo, ya kumi mvua ikanyesha, na sikuamka tena. Nililipia jimu mwezi mzima nikaenda mara nne. Nilijiunga na kundi la simu ambalo kila asubuhi mtu hutuma sauti ya mhamasishaji akituambia tuamke, tupambane, ndoto zetu zinatusubiri. Nilikuwa nikisikiliza sauti hizo nikiwa bado kitandani, damu inanichemka, najiona mtu mpya. Kisha naingia ofisini na kukaa kwenye kiti hadi jua linazama. Kila moto ulipozimika nilijilaumu kwamba sina nia. Nadhani wasomaji wengi wanaijua lawama hiyo, na ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu naamini tunajilaumu kwa kosa ambalo si letu.

Mwaka 2002 watafiti watatu nchini Uingereza, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza halikupewa hamasa yoyote. La pili lilisomeshwa maelezo ya ugonjwa wa moyo na jinsi mazoezi yanavyoukinga, maelezo yaliyoandikwa kwa nia ya kuwatia watu hamu. La tatu lilisoma maelezo yaleyale, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya mazoezi ya dakika 20 katika wiki inayofuata. Wiki ilipokwisha, katika kundi la kwanza waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38. Katika kundi la hamasa, asilimia 35. Katika kundi lililoandika siku, saa na mahali, asilimia 91.

Nilizisoma tarakimu hizo mara tatu. Waliohamasishwa hawakuwapita hata wale ambao hawakuambiwa kitu. Hamu yao ilipanda kweli, walipoulizwa walisema wana nia kubwa zaidi, lakini miguu ilibaki palepale ilipokuwa. Kilichowatoa wenzao nje ya mlango ni mstari mmoja wa wino unaotaja Jumatano, saa fulani, mahali fulani.

Nilipokuwa nikiutafakari utafiti huo ndipo nikaanza kumtazama fundi wangu kwa jicho jingine.

Mzee huyu amepita miaka 70. Anashona barazani, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye paa la bati lililochoka, cherehani moja nyeusi ya kukanyaga kwa miguu na nyingine ya umeme anayoitumia kwa vitambaa vizito. Kanzu, suruali, sare za shule. Nimemjua miaka mingi, na sijapata kumwona akikimbizana na kazi, wala sijapata kumsikia akimwambia mteja "njoo kesho" mara tatu kwa nguo moja. Kwa fundi wa Dar es Salaam hilo ni jambo kubwa. Jioni moja nilikaa kwenye benchi lake nikamngoja afunge.

Alifagia vipande vya nyuzi na vitambaa. Akatia matone mawili ya mafuta kwenye cherehani. Akachagua kazi ya kwanza ya kesho, sketi ya shule iliyokwisha kukatwa na kupigwa chaki, akaiweka juu ya meza ya cherehani, upande wa kushonwa ukiwa juu. Akabadilisha bobini, akaweka yenye uzi wa rangi ileile ya sketi. Kisha akamwita mjukuu wake, kijana wa darasa la saba, aliyekuja na daftari la hesabu mkononi, akainama, akautunga uzi kwenye sindano kwa mara moja tu na kurudi ndani. Mzee akaushusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa, akafunika vyote kwa kipande cha kanga kuukuu.

Nikamuuliza kwa nini hangoji kutunga uzi asubuhi, anapoanza.

"Asubuhi mtoto yuko shule na macho yangu hayalioni tundu," akasema. "Nikianza siku kwa kutafuta tundu la sindano, nitatafuta, nitakasirika, nitainuka niende kahawani. Na wewe unajua kahawani watu wanavyozungumza. Lakini nikikuta uzi umo, naweka mguu tu, cherehani inakwenda."

Usiku ule nilifanya jambo dogo kuliko yote niliyokuwa nimejaribu. Nilichukua karatasi nikaandika: nikipanda basi asubuhi, nitashuka Fire. Basi.

Ofisi yetu iko Posta. Kutoka Magomeni napanda mwendokasi, na kituo cha kushukia siku zote kilikuwa Posta. Fire ni vituo kadhaa kabla ya hapo, na kutembea kutoka Fire hadi mlangoni pa ofisi kwa mwendo wa haraka kidogo kunanichukua dakika 25. Sikutafuta saa mpya wala sikuhitaji kuamka alfajiri mno. Niliondoka nyumbani mapema kidogo tu. Sikununua kitu. Usiku niliweka viatu vya kutembelea karibu na mlango, vile vya ofisini nikaviacha kwenye droo ya meza kazini, ili asubuhi nisipewe nafasi ya kufikiri. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani kila wiki. Asubuhi tano za Fire ni dakika 125. Jioni moja nikirudi kwa njia hiyohiyo, hesabu imetimia.

Kama msomaji anaona dakika 25 za kutembea ni jambo dogo lisilostahili makala, namwomba anisikilize habari za mabasi ya London.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiongezeka. Aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili, ambayo kila moja lilikuwa na dereva na konda. Watu hawa walitoka tabaka moja, mishahara yao haikuachana sana, hewa waliyovuta ilikuwa ileile, gari lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kwamba dereva alikaa zamu nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, ngazi zipatazo 500 hadi 750 kwa siku. Matokeo yalitoka kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1953: makonda walipata mshtuko wa moyo mara chache zaidi kuliko madereva, na walipoupata, wachache zaidi kati yao waliufia. Morris akatazama na watu wa posta. Wale waliozunguka kugawa barua walikuwa salama zaidi kuliko makarani waliokaa mezani.

Konda yule hakuwa mwanamichezo. Wala hakuamka alfajiri kwa ajili ya afya yake. Kazi yenyewe ilimpandisha ngazi, siku baada ya siku, atake asitake.

Kuna sehemu ya pili ya kisa hiki ambayo fundi wangu aliipenda zaidi nilipomsimulia. Wakosoaji walimwambia Morris kwamba pengine wanaume wanene ndio walioomba udereva tangu mwanzo. Morris na wenzake wakaenda kutafuta ushahidi mahali ambapo hakuna daktari ambaye angepawazia: kwenye vipimo vya sare. Kampuni ya mabasi ilikuwa imehifadhi saizi za suruali za wafanyakazi wake, na mwaka 1956 utafiti wa viuno hivyo ulichapishwa. Ni kweli madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, hata waliokuwa vijana. Wakosoaji walikuwa na hoja, na Morris aliichapisha hoja yao yeye mwenyewe. Aliendelea kuchunguza watu wengine kwa miaka mingi, na jibu likabaki kwamba mwili unaotumika hulindwa. Yeye alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

"Kumbe daftari langu ni la udaktari," mzee akasema, akalipapasa jalada.

Sasa niwarudishe kwenye Fire. Wiki ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa sababu ya upya. Ya tatu ilikuwa nzito, na hapo nilikumbuka lile neno linalozunguka kwenye simu, kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Siku yangu ya 21 ilipita na bado kila asubuhi nilijishawishi kushuka. Nikadhani nimeshindwa tena. Nikatafuta chanzo cha hizo siku 21, nikakuta zinarudi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, aliyeandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau kama siku 21 kuizoea sura mpya baada ya upasuaji. Hakuwa akipima tabia. Watu wakaliacha lile "angalau" njiani, wakabeba tarakimu peke yake, nayo imekuwa ikiwavunja moyo watu wazima kwa zaidi ya miaka 60.

Walioipima tabia yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London. Waliwachukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja la kula, kunywa au kufanya kila siku baada ya tukio ambalo tayari lipo: maji na chakula cha mchana, kutembea baada ya kifungua kinywa. Wakawafuatilia siku 84, kila siku wakiwauliza kama jambo lile linajifanya lenyewe bila kulazimishwa. Kwa wastani ilichukua siku 66. Wa haraka kabisa alitumia siku 18, na wa polepole zaidi, kwa makadirio ya watafiti, angehitaji siku 254. Kunywa maji kuliingia upesi; mazoezi yalichukua muda mrefu zaidi. Na waligundua kitu ambacho natamani kingebandikwa kwenye kila zahanati: aliyekosa siku moja hakurudi mwanzo. Kesho yake aliendelea karibu palepale alipoachia.

Hilo la mwisho lilinifikia wakati wake. Masika yalikuja, bonde la Jangwani likajaa maji kama linavyojaa, mwendokasi ukasimama, na siku nne sikutembea hata hatua moja ya kuhesabika. Zamani siku nne hizo zingekuwa kaburi la mpango mzima. Safari hii maji yalipokauka nilishuka Fire kama vile jana yake nilikuwa nimeshuka. Sikujiadhibu kwa kutembea mara mbili, wala sikuanza hesabu upya. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji mwenye presha alichukue hapa, ni hili.

Lugha yetu ilikuwa na habari hizi kabla ya vyuo. Mazoea na mazoezi ni watoto wa tumbo moja, yote yanatoka kwenye kuzoea. Anayesema afanye mazoezi, kwa asili ya neno, anasema ajizoeze, jambo liwe lake hata asiliogope. Lakini tumeyatenganisha, mazoezi tumeyapeleka jimu na kuyavisha nguo maalumu, mazoea tumeyaachia pombe, sigara na simu.

Sukari niliishughulikia kwa njia ileile, na haina maneno mengi. Nilihesabu: vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko 12, karibu gramu 50. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikivuke kwa siku nzima, likihesabu na soda, biskuti na juisi, na lingependa tuishie nusu yake. Kijiko cha tatu nilikiacha mwezi mmoja, cha pili mwezi uliofuata. Chumvi ya mezani tuliitoa mezani, ikarudi jikoni. Usingizi ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu adui alikuwa mkononi mwangu, simu. Sasa inalala sebuleni, na saa ya kuniamsha ni ile ya zamani ya kengele.

Kazini ndiko nilikoona matunda ambayo sikuyatarajia. Mwandishi wa habari wa siku hizi hafanyi kazi moja. Anafanya vipande vya kazi 20. Naandika aya, ujumbe unaingia, najibu, narudi, simu ya mhariri, narudi, kundi la familia lina msiba, narudi. Jioni nimechoka hoi na makala iko pale ilipokuwa saa nne asubuhi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kinachotokea. Mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya anaifanya kwa akili iliyopungua. Miaka tisa baadaye, yeye na Theresa Glomb wakachapisha dawa ambayo haina gharama. Kabla ya kuinuka, andika kwa ufupi umefika wapi na ukirudi utaanzia wapi. Waliofanya hivyo waliiacha kazi ya kwanza kwa moyo mweupe, wakaifanya ya pili vizuri zaidi.

Nilipousoma utafiti huo niliona kanga kuukuu iliyofunika cherehani.

Tangu hapo sifungi kompyuta kabla sijaandika chini ya makala mstari mmoja kwa ajili ya kesho. Unakuwa wa kawaida kabisa: "Anza na bei ya mahindi Kibaigwa, mpigie yule dalali." Asubuhi nikifika na jasho la Fire mgongoni, nabadilisha viatu, nafungua, naukuta mstari, napiga simu. Saa moja na nusu ya kwanza simu yangu binafsi inakaa kwenye droo pamoja na vile viatu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ya siku sasa hufanyika kabla ya saa nne na nusu, na jioni narudi nyumbani nikiwa na nguvu ya kukaa na watoto.

Najua kuna msomaji ambaye amefika hapa akiwa na hasira, na ana haki. Mama anayeamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, akauza hadi saa nne, akaenda sokoni, akarudi kupika, hana "kabla ya kazi" wala "baada ya kazi". Anatembea na kubeba kuliko mimi na Morris pamoja. Kinachomkosesha afya ni usingizi wa saa nne na moshi wa mkaa, na kumtumia sauti ya kumwambia apambane zaidi ni kumtukana. Mlinzi wa usiku naye anashauriwa alale saa tatu usiku na nani? Naandika kwa wale tunaokaa kwenye viti, ambao idadi yetu mijini inaongezeka. Kwa wengine, kinachohitajika kwanza kiko nje ya daftari la mtu binafsi.

Hata kwa sisi wa viti, njia si yetu peke yetu. Naweza kushuka Fire kwa sababu mimi ni mwanamume, na asubuhi ile mtaa una watu. Mke wangu alijaribu kutembea alfajiri mwezi mmoja. Mara mbili alifuatwa, akaacha. Alichofanya ni kujiunga na majirani sita, wakaunda kikundi chao kidogo kwa mfano wa zile klabu za joging za Temeke zinazojaza barabara mwisho wa wiki kwa fulana za rangi moja na nyimbo. Yeye siku akisita, kuna mtu anagonga dirisha. Lakini wanawake saba kulazimika kwenda pamoja ili mmoja wao atembee kwa amani ni jambo ambalo halmashauri zetu zinapaswa kuliona aibu. Taa za barabarani ni dawa ya presha. Njia ya waenda kwa miguu isiyoegeshwa bodaboda na isiyopangwa mitumba ni dawa ya sukari. Tunajenga barabara za njia nane na mwenda kwa miguu tunamwachia mtaro, kisha tunamwambia afanye mazoezi.

Septemba mwaka 2025, katika mbio za marathoni za ubingwa wa dunia jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe. Wote wawili wakaandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nchi nzima iliziona hatua za mwisho, nami nilizirudia mara nyingi kama wengine. Lakini kilichonikaa moyoni ni tarehe. Simbu alipata shaba London mwaka 2017. Kati ya shaba ile na dhahabu hii kuna miaka minane, na ndani yake alikuwa wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo na wa 17 kwenye ile ya Paris. Kulikuwa na asubuhi nyingi katika miaka hiyo ambazo hakuna Mtanzania aliyekuwa akimfikiria, naye alifunga kamba za viatu.

Presha yangu kipimo cha mwisho ilikuwa 132 kwa 84, pamoja na vidonge. Daktari amesema tusiviguse kwanza, na simbishii.

Wiki mbili zilizopita nilipitia kwa fundi jioni kuchukua suruali mpya. Haikuwa tayari. Alikuwa ameikata, ameipiga chaki, ameilaza juu ya cherehani iwe ya kwanza kesho. Baraza lilikuwa kimya kuliko kawaida. Mjukuu alikuwa amemaliza darasa la saba na kupelekwa Tanga kwa shangazi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Una miwani?"

Nilikuwa nayo mfukoni, ile ya kusomea. Akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaninyooshea. Nikapiga goti mbele ya cherehani, taa ya barazani ikiwa nyuma ya bega langu. Mara ya kwanza uzi ukapinda. Ya pili ukapita kando. Akauchukua, akaukata upya kwa mkasi kwa mshazari, akanirudishia bila kusema neno. Mara ya tatu uliingia, akauvuta kwa nyuma urefu wa kiganja na kushusha mguu wa cherehani.

Kabla hajafunika alinionyesha mshono wa nyuma. Kiuno ameandika 37, kipimo kilekile cha mwaka 2018, lakini ndani ameacha kitambaa cha akiba, inchi moja na nusu, kama alivyoacha siku zote.

"Kesho saa mbili njoo ujaribu," akasema, akaitandaza kanga.